Kazi na Akazi: Kwa Nini Warundi na Wanyarwanda Walikwenda Kutafuta Ajira Buganda Wakati wa Ukoloni

Nadharia zinazotumiwa sana kueleza uhamaji wa wafanyakazi katika nchi zinazoendelea huanza na hesabu ya mshahara. Michael Todaro, katika makala yake ya 1969, alieleza kwamba mtu huhama anapotarajia kipato kikubwa zaidi aendako kuliko alichonacho atokako, hata kama hana hakika ya kupata kazi. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, humchukulia mhamaji kuwa mtu huru, mwenye siku zake na nguvu zake, ambaye huzipeleka penye bei nzuri. Makala haya yanadai kwamba Warundi na Wanyarwanda waliokwenda Buganda wakati wa utawala wa Wabelgiji hawakuwa na uhuru huo. Kwao, swali lililotangulia la mshahara lilikuwa ni nani anayemiliki siku zao.

Ushahidi wa kwanza umo katika lugha. Neno akazi, ambalo leo katika Kinyarwanda na Kirundi ni ajira ya kawaida, limetokana na neno la Kiswahili kazi. Wakati wa ukoloni liliitwa kwalo lile jukumu la kulima barabara, kupanda miti, kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kubeba mizigo bila ujira. Ikiboko nalo limetokana na kiboko, na aliyechelewa kufika kazini alilijua vizuri. Sisi wapenzi wa Kiswahili hujivunia kuenea kwa lugha hii. Ni vyema tukumbuke pia baadhi ya maneno yalifika kwa jirani yakiwa katika hali gani. Pamoja na akazi, mkulima alidaiwa kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, mazao ya lazima, na huduma kwa chifu wake. Fedha hizo alitakiwa kuzitafuta katika siku chache alizobakiziwa.

Buganda ilikuwa na utaratibu mwingine. Mkataba wa 1900 ulikuwa umewagawia machifu na wakuu ardhi ya mailo, na tangu 1903 pamba, kisha kahawa, ilianza kuwaingizia wakulima fedha na kuwafanya wahitaji mikono ya kuwasaidia. Mgeni alimfanyia kazi Mganda mmoja, mara nyingi akila na kulala kwake. Asiporidhika, aliaga na kubisha hodi kwa jirani. Sheria ya 1927 ilipanga busuulu kuwa shilingi 10 kwa mwaka na kumlinda mpangaji asifukuzwe ovyo. Kwa hiyo mgeni aliyedumu, akampa mwenye ardhi malipo ya kuingilia yaliyoitwa kanzu, aliweza kupata kibanja na kupanda pamba yake mwenyewe. Wengi walichukua majina ya Kiganda. Audrey Richards na wenzake, katika utafiti wao uliochapishwa 1954, waliwaeleza wahamiaji hawa kwa kirefu.

Katanga inatusaidia kupima hoja hii. Huko nako palikuwa na mshahara, lakini kampuni ya Union Minière ililazimika kutuma mawakala kuandikisha watu Ruanda-Urundi, na waliopatikana walifungwa kwa mikataba. Kwenda Buganda watu walijiendea kwa miguu, wakipitia Mbarara au Bukoba hadi Masaka, bila wakala yeyote.

Njaa ilichangia, hasa ile ya Rwakayihura ya 1928 na 1929. Lakini mvua iliporudi, misafara haikukoma. Iliendelea hadi miaka ya 1950.

Kuna upande ambao masimulizi ya safari huupita haraka. Kazi iliyoagizwa kwa kilima haikupungua kwa sababu wanaume wamepungua. Aliyeondoka usiku aliwaachia ndugu, wazee na mkewe sehemu yake ya barabara na ya mtaro. Aliporudi na blanketi, nguo na fedha za kodi, alipokewa na watu walioifanya akazi yake kwa miezi mingi. Na baadhi ya hao, mwaka uliofuata, ndio walioshika njia ya Masaka.