The Signalman: Mzimu wa relini unaoonya bila kueleza

Tarehe 22 Desemba 1976, televisheni ya BBC ya Uingereza ilirusha filamu fupi iitwayo The Signalman, mojawapo ya hadithi za mizimu ilizokuwa ikionyesha kila Krismasi. Iliongozwa na Lawrence Gordon Clark. Andrew Davies ndiye aliyeiandika kwa ajili ya televisheni, kutokana na hadithi ya Charles Dickens ya mwaka 1866.

Hadithi inahusu nini?

Mfanyakazi wa reli, aliyeigizwa na Denholm Elliott, anakaa peke yake kwenye kibanda karibu na mdomo wa handaki. Kazi yake ni kuongoza treni kwa taa, bendera na ujumbe wa telegrafu. Siku moja anatembelewa na msafiri, naye anamfungulia moyo.

Anasema amewahi kuona mtu chini ya taa nyekundu ya handaki, amejifunika uso kwa mkono mmoja na kupunga mwingine. Saa chache baadaye, ajali mbaya ikatokea ndani ya handaki. Akamwona tena, na siku hiyohiyo mwanamke akafa treni ikipita. Sasa mtu huyo amerudi.

Afanye nini? Akituma ujumbe kwamba kuna hatari, ataulizwa ni hatari gani na iko wapi. Hana jibu, na wakubwa wake watamwona mwendawazimu. Akinyamaza, huenda watu wakafa. Mwishowe anayekufa ni yeye mwenyewe: anagongwa na treni, huku dereva akimpungia mkono vilevile alivyopunga yule mzimu.

Ajali ya kweli

Dickens aliijua hofu ya reli. Tarehe 9 Juni 1865 alikuwa ndani ya treni iliyopata ajali Staplehurst, kusini mwa Uingereza. Mafundi walikuwa wameng'oa reli darajani, kwa sababu msimamizi wao alikosea kusoma ratiba na kudhani treni ingefika baadaye. Mtu mwenye bendera nyekundu alikuwepo, lakini alisimama karibu mno na daraja, na dereva hakuwahi kusimamisha treni. Watu 10 walikufa na 40 walijeruhiwa.

Dickens alitoka salama akawahudumia majeruhi. Tangu hapo safari za treni zilimtia hofu. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili baada ya ajali hiyo.

Kwa nini bado inatisha?

Filamu hii ilipigwa kwenye reli ya Severn Valley, ambako treni za mvuke bado zinatembea. Haitegemei damu wala mayowe. Inamwonyesha mtu mwaminifu kazini, aliyebeba roho za abiria, ambaye amepewa onyo asiloweza kulitumia. Kule Staplehurst bendera ilionekana, ila kwa kuchelewa. Kwenye hadithi onyo linafika mapema, lakini halisemi hatari itatokea wapi.