Umebeba Posho?

Bibi yangu, kila nikimuaga kwamba kesho nasafiri kwenda Dar, huniuliza swali moja tu: "Umebeba posho?" Hapa Makole, katikati ya mji wa wabunge na watumishi wa serikali, swali hilo linaweza kuchekesha. Posho si hela ya vikao? Kwa bibi, posho ni chakula cha njiani: karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai mawili, chumvi ndani ya kikaratasi. Na ukiangalia historia, bibi ndiye yuko sahihi.

Karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Mpagazi alipewa posho yake, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga akanunue mwenyewe. Kabla ya kuingia Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu isiyo na maji ya kutegemea. Richard Burton alipita huko mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871. Waliovuka walifika wamechoka, wana njaa na kiu, na waliokuwa na uwele, mtama, mifugo na visima ni Wagogo. Basi watemi wao wakatoza hongo. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa wazi wa kupita na kupata maji, haikuwa rushwa ya kupeana chini ya meza. Wageni walilalamika sana katika vitabu vyao, lakini jiulize msomaji: katika nchi ya mvua chache, ukiwalisha watu mia tano wanaopita, wewe utakula nini mwezi wa kwanza?

Jibu lilikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Safari hii hakukuwa na hongo wala kukataa. Mvua nazo zikagoma. Kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa watu hadi 30,000 walikufa, kati ya wasemaji 150,000 hivi wa Kigogo. Posho ya wasafiri ilikuwa imetoka kwenye ghala la mwenyeji, na ghala halikujazwa tena.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Msafara ukawa behewa. Lakini biashara ya kumlisha msafiri ilirudi mikononi mwa wenyeji, hasa akina mama. Treni ikisimama, mabeseni yanapanda kichwani, mikono inafika dirishani: ndizi, kuku, mihogo, chai. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipobomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, soko hilo lilikatika ghafla.

Kwenye mabasi mambo ni yale yale, ila kwa haraka zaidi. Konda anatangaza "dakika kumi, kuchimba dawa!", unashuka, unarudi na chipsi mayai ndani ya mfuko. Dirishani vijana wanakimbia na mayai ya kuchemsha, korosho, maji baridi, na zabibu za Dodoma.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar kwa saa nne hivi. Naipenda, sitadanganya. Lakini dirisha lake halifunguki. Chai unainunua humo humo ndani, na vijiji vinapita kama picha. Humo mtu anaweza kupita Ugogo bila kumwachia Mgogo hata shilingi moja.

Sisemi turudi kwenye kibaba. Nasema tu kwamba kila aliyevuka nyika hii alilishwa na mtu. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kwenda stesheni, napita kwa mama wa karanga hapa Makole. Nachukua za buku, nyingine za bibi.

Bibi akiuliza, najibu: nimebeba.