Manowari na Bomba Tatu, na Jina la Kariakoo

Katika mji wa Dar es Salaam, upande wa Ilala, lipo soko lijulikanalo kote Afrika ya Mashariki kwa jina la Kariakoo. Wengi walitamkao jina hilo kila siku hawakumbuki kwamba asili yake ni vita. Na wachache zaidi hulihusisha na chombo kilichozama katika mto Rufiji. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi chombo hicho kilivyozama na jinsi mali yake ilivyoopolewa, kisha kuonyesha kwa nini yafaa habari hiyo isomwe pamoja na historia ya jina la soko.

Mwezi wa Juni, 1914, manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam. Ilikuwa imeundwa Kiel na kushushwa majini mwaka wa 1905, nayo ilichukua mizinga kumi ya sentimita 10.5. Wenyeji, ambao jina la Kidachi halikuwakaa ulimini, waliiita "manowari na bomba tatu", kwa ajili ya dohani zake. Jina hilo lastahili kuangaliwa. Manowari ni neno lililotoka kwa Waingereza, bomba latoka kwa Wareno, na tatu ni Kibantu. Yaani watu wa pwani walikipa chombo cha Mdachi jina la maneno waliyokwisha kuyapokea kwa mataifa yaliyotangulia kuja na merikebu, wala hawakuona haja ya kuazima hata neno moja la Kidachi.

Vita vilipokaribia, nahodha Max Looff aliiondoa manowari bandarini. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, aliishambulia manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja ili kutengeneza mitambo yake, akaizamisha. Lakini mitambo ya Königsberg nayo ilikuwa imeharibika, na Looff akaingia kujificha katika delta ya Rufiji, karibu na Salale. Vipande vya mitambo vilipelekwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa Rufiji. Na katika safari hiyo vilichukuliwa kwa nguvu za wapagazi. Walakini kabla manowari haijapata kutoka, Waingereza walikwisha kuigundua na kuizingira. Mwezi wa Julai, 1915, vyombo viwili visivyohitaji kina kirefu cha maji, Severn na Mersey, viliingia mtoni, huku ndege kutoka kisiwa cha Mafia zikiwaelekeza wapiga mizinga. Walishambulia tarehe 6, wakarudi tena tarehe 11. Ndipo Looff alipoamuru chombo chake kilipuliwe na kuzamishwa.

Hapo ndipo uopoaji ulipoanza. Maji ya mto hayakuwa na kina cha kuificha manowari yote, na Wadachi walifaulu kuitoa mizinga yote kumi. Ikakokotwa na mamia ya watu kwa kamba, kwa njia ya matope na mchanga, hadi Dar es Salaam, ambako ilitengenezwa, na mingi ikatiwa magurudumu. Tangu siku hizo mizinga ya majini ikawa ya nchi kavu. Mmoja ulifika hata ziwa Tanganyika, ukapachikwa juu ya meli Graf von Götzen. Meli hiyo nayo ilizamishwa na Wadachi wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai, 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia barani. Leo mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg yapatikana pamoja katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mwili wa Königsberg haukuinuliwa kamwe. Mwaka wa 1924 John Ingles, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kuopoa mabaki kwa pauni 200, akawatuma wazamiaji watoe madini. Miaka mingi ikapita watu wakivunja na kuchukua, hata mwaka wa 1966 kilichosalia kikadidimia katika tope la mto.

Basi mizinga ina jina na mahali pa kutazamwa. Je, wale walioikokota? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Waliovuta mizinga ya Königsberg waliwatumikia Wadachi. Jina la Kariakoo lilitoka upande wa pili: Waingereza walipoutwaa mji, tarehe 4 Septemba, 1916, waliweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, "Carrier Corps", mahali ambapo Wadachi walikuwa wamejenga soko. Majeshi yalikuwa mawili, lakini mzigo ulikuwa mmoja. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wanahistoria juu ya wapagazi waliokufa hukaribia 100,000, wengi kwa maradhi na lishe mbaya kuliko kwa risasi.

Kwa fasihi ya sauti, jina hili ni mfano mwema. Sikio la Mswahili lilipokea lililosikika wala si lililoandikwa: konsonanti za mwisho zikaanguka, kila silabi ikafungwa kwa vokali, na maneno mawili yakawa moja. Nairobi, ambako jina lilo hilo lipo, imekaa na maandishi yaliyo karibu na Kiingereza, Kariokor. Na Kiswahili hakikukosa neno lake, kwani mpagazi ni neno la kale la misafara. Ila mahali hapa pamechukua jina la daftari la jeshi, si la kazi yenyewe.

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka wa 1927, ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi hutajwa katika maandishi yake, lakini mpagazi hakuchongewa umbo. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka wa 1975 lilishika moto mwezi wa Julai, 2021. Kwa hiyo mtu atakaye kumbukumbu ya wapagazi katika mji huu asiitafute katika shaba wala katika saruji. Aitafute katika neno, na afundishe maana yake. Kwa kuwa jina lisiloelezwa asili yake huendelea kutamkwa, lakini huacha kushuhudia.