Mavazi ya heshima kanisani: imeandikwa wapi, na nani aliyeandika?

Baada ya kipindi chetu cha Jumapili asubuhi, mama mmoja alitupigia simu akitaka tusimtaje jina. Binti yake amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani anasubiri matokeo. Miaka minne shuleni alikuwa akikata nywele fupi kama sheria ilivyotaka. Zilipoanza kukua, shangazi yake akamsuka rasta kwa ajili ya harusi ya kaka yake. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kuimba kwaya kama kawaida, na wahudumu wa mlangoni wakamwambia arudi nyumbani akafumue kwanza. Hajakanyaga hapo tangu siku hiyo. Swali la mama lilikuwa fupi: "Hiyo imeandikwa wapi?"

Simu zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko muda tuliokuwa nao hewani. Wapo waliowatetea wahudumu, wapo waliowalaumu, na wachache walitaka tuzungumzie suruali. Tuliahidi kuandika kwa kirefu, na haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Kwanza, Biblia yenyewe. Mistari inayotajwa zaidi katika mjadala huu ni mitatu au minne tu, na karibu kila mchungaji anaijua kwa moyo. Wa kwanza uko katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, mstari wa 9 na wa 10. Hapo wanawake wanaambiwa wajipambe kwa mavazi ya staha na matendo mema, badala ya nywele za kusuka, dhahabu, lulu na nguo za bei kubwa. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unasema jambo linalofanana nalo: pambo liwe la moyoni. Katika Wakorintho wa kwanza sura ya 11 Paulo anazungumzia mwanamke kufunika kichwa anaposali. Na Kumbukumbu la Torati 22:5 inakataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume, na mwanamume kuvaa la mwanamke.

Kwa hiyo jibu la haraka kwa mama yetu ni kwamba ndiyo, kusuka nywele kumetajwa. Lakini ukisoma mistari yote miwili polepole, utaona kwamba kusuka kumewekwa kwenye kapu moja na dhahabu, lulu na nguo za gharama. Katika miji ya dola ya Kirumi wanawake wa matajiri walisukwa kwa saa nyingi na watumishi wao, nywele zikapandishwa juu na kupambwa kwa vito. Ilikuwa njia ya kutangaza mali. Wafafanuzi wengi wa Biblia husema hicho ndicho kilichokuwa kikikemewa, yaani kujionyesha mbele ya ndugu wasio na kitu.

Sasa linganisha na kijijini kwetu. Msichana aliyesukwa twende kilioni na dada yake chini ya mwembe hajatangaza utajiri wowote. Huo ndio unadhifu wa bei nafuu kuliko yote, na hukaa wiki mbili bila kuhitaji mafuta mengi wala moto. Wigi linaloruhusiwa katika kanisa fulani la mjini linaweza kugharimu mara nyingi zaidi. Mchungaji mmoja wa Kilutheri tuliyezungumza naye alituongezea jingine. Petro, katika sentensi ileile ya kusuka na dhahabu, ametaja pia kuvaa nguo. Anayeuchukua mstari huo kama marufuku ya neno kwa neno, alisema huku akicheka, itambidi aeleze waumini waje wamevaa nini.

Wanaoshika msimamo mkali wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Mzee wa kanisa moja la Kipentekoste alituambia kwamba mtu akianza kusema "ule ulikuwa utamaduni wa wakati ule", hakuna mstari utakaosalimika. Leo ni nywele, kesho ni uasherati. Kwake, utii katika jambo dogo ndio unaomzoeza mtu utii katika kubwa. Tulimuuliza kuhusu pete za ndoa, ambazo ni dhahabu. Alikiri kwamba kanisani kwake zinavaliwa.

Suruali ina ugumu wake wa pekee. Sheria ya Torati ilitolewa kwa watu ambao wanaume na wanawake wote walivaa majoho marefu. Kilichotofautisha vazi la mume na la mke kilikuwa mshono, mapambo na namna ya kulivaa. Hapa kwetu kanzu ya mwanamume wa pwani, au ya mwanamume wa Buganda siku ya sherehe, ni ndefu hadi kwenye vifundo vya miguu, na hakuna anayesema amevaa gauni. Hivyo watu karibu wote wanakubali kwamba jamii ndiyo inayoamua lipi ni vazi la nani. Wanachobishania ni kama jamii yetu imekwisha kuihesabu suruali kuwa vazi la wote. Mjini wengi wanasema imekwisha. Ukienda kilomita 40 nje ya mji utapata jibu jingine.

Mjadala huu haukuanza na sisi. Karibu mwaka 200, Tertullian wa Carthage, Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya mavazi ya wanawake, kwa ukali wa kumwambia kila mwanamke kwamba anabeba hatia ya Hawa. Clement wa Alexandria, aliyeishi zama hizohizo, aliwageukia wanaume pia na kuwasema wale waliojinyoa na kujing'oa vinyweleo ili wapendeze. Karne ya 18, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti huko Uingereza, alihubiri kwamba fedha inayoishia kwenye nguo za fahari imechukuliwa kutoka kwa maskini. Hoja hiyo ya Wesley hatuisikii sana hapa kwetu. Kwenye simu zetu zote hakuna aliyelalamikia suti ya bei kubwa.

Makanisa ya hapa yanatofautiana, na sehemu kubwa ya tofauti hizo ina historia yake.

Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike kichwa kanisani na wavae kwa staha, hasa wanapokwenda kupokea komunyo. Sheria mpya ya mwaka 1983 haina tena kifungu hicho. Akina mama wa WAWATA wanaofunga vilemba vya kitenge siku zao hufanya hivyo kwa sare na desturi. Wapo mapadri wanaobandika mlangoni picha za nguo zisizotakiwa, na parokia chache huweka kanga pembeni kwa ajili ya aliyekuja mabega wazi. Utaratibu huo wa kanga ni wa busara kuliko kumrudisha mtu nyumbani.

Wasabato wamelifundisha jambo hili kwa utaratibu zaidi ya wengi. Tamko lao la imani linataja mavazi yawe ya kawaida, ya kiasi na nadhifu, na wanaliunganisha na afya, kama alivyoandika Ellen White katika karne ya 19, wakati wanawake wa Marekani walipojibana viuno kwa nguo zilizowazuia kupumua. Hereni na mikufu huachwa. Katika kanda yetu Wasabato wengi hufunga ndoa bila pete, ingawa kanisa hilohilo katika nchi nyingine huiruhusu. Tumeitaja tofauti hiyo kwa sababu hata ndani ya dhehebu moja jibu hubadilika ukivuka mpaka.

Walokole wa zamani wanastahili maelezo marefu kidogo, maana sura ya "mama aliyeokoka" tunayoibeba vichwani imetoka kwao. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, ukavuka hadi Bukoba na Kenya. Waliookoka waliungama dhambi hadharani, walilipa madeni ya zamani, na wengi waliacha mapambo. Wanawake wao walijulikana kwa nywele fupi na gauni lisilo na makuu. Wakati huo haikuwa amri ya askofu. Mara nyingi maaskofu ndio waliokuwa na wasiwasi nao. Lilikuwa tamko la watu wa kawaida kwamba wamegeuka. Watoto na wajukuu wao ndio waliokuta tamko hilo limekuwa kanuni, na kanuni ikapata walinzi mlangoni.

Gomesi la Uganda lina hadithi ya namna hiyo pia. Leo ni vazi la heshima la mwanamke wa Kiganda: shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, mshipi mpana kiunoni. Wengi hudhani ni la kale sana. Lakini asili yake inahusishwa na shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1905. Wasichana walivaa suuka, nguo ya kujifunga kifuani, nayo ilifunguka walipokuwa shambani wakilima au wakiinama. Fundi wa asili ya Goa aitwaye Gomes akashona gauni lililokaa vizuri, na jina lake likabaki. Kwa maneno mengine, vazi ambalo leo bibi humwambia mjukuu "hili ndilo la kwetu" lilitokana na shule ya misheni, mkono wa fundi Mgoa na haja ya watoto kulima bila aibu. Hatusemi hivyo kulishusha. Tunasema heshima huweza kupata vazi jipya na watu wakalipenda.

Kenya kuna Waakorino, kanisa la Kiafrika lililozuka kwa Wakikuyu kuelekea miaka ya 1930. Wanaume kwa wanawake hufunga vilemba vyeupe. Ni miongoni mwa makanisa machache ya eneo letu ambamo mzigo wa kichwa unabebwa na jinsia zote mbili.

Na makanisa ya kisasa ya mijini yamekwenda upande wa pili kabisa. Humo mwimbaji huvaa suruali, kucha za bandia na rangi ya mdomo, na mhubiri hufundisha kwamba mwonekano mzuri ni ushuhuda wa baraka. Wasichana waliofukuzwa kwingine huishia huko. Lakini muuza mchicha aliyewahi kuhudhuria mojawapo alituambia aliacha kwenda kwa sababu alikuwa na gauni moja, na watu walishalijua. Yakobo, sura ya 2, anasimulia hasa hilo: tajiri mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini mwenye nguo chakavu anaambiwa asimame kule. Sura hiyo haijapigiwa kelele kama ile ya Timotheo.

Kuna upande wa tatu wa habari hii, nao si wa kanisani peke yake. Mavazi yakitoka kwenye mafundisho yakaingia kwenye nguvu, mambo hugeuka. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, iliyotangazwa Oktoba 1968 na kuanza rasmi Januari 1969, dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, na wanawake walishambuliwa mitaani Dar es Salaam. Malawi, Rais Banda, aliyekuwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri, alileta sheria ya mavazi mwaka 1973, ikiwakataza wanawake suruali na sketi fupi. Ilifutwa ulipoingia mfumo wa vyama vingi. Uganda, sheria ya mwaka 2014 dhidi ya ponografia ilisimamiwa na Simon Lokodo, waziri wa maadili aliyewahi kuwa padri. Watu wakaielewa kuwa ni sheria ya vimini, na makundi yakawavua wanawake nguo barabarani. Mahakama ya Katiba iliitengua mwaka 2021. Nairobi nako mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kituo cha matatu, na tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana.

Kwa wanaume, maandiko yana neno ambalo wasikilizaji wawili tu walilitaja. Katika Mathayo 5:28 na 29, anayemtazama mwanamke kwa kumtamani anaambiwa ang'oe jicho lake mwenyewe. Haambiwi aende kumpimia mwanamke sketi. Mlegezo wa vijana wa kiume, suruali imeshuka na nguo ya ndani iko nje, nao hupita mlangoni bila kuulizwa, kama mama mmoja alivyotukumbusha kwa hasira.

Tukirudi kwa binti wetu. Ushauri tuliopewa na viongozi wa makanisa manne ulifanana: mzazi aende kwa mchungaji mwenyewe, asibishane na wahudumu, aombe kuonyeshwa kama katazo liko kwenye katiba ya kanisa, kwenye mwongozo wa kwaya, au ni mazoea ya mahali pale. Mambo hayo matatu hayana uzito sawa. Cha kwanza hubadilishwa na mkutano mkuu tu, cha pili na uongozi wa kwaya, na cha tatu mara nyingi hakina mwenyewe.

Mama alikwenda. Alituambia katazo lilikutwa kwenye mwongozo wa kwaya, umechapwa zamani, ukurasa wa pili, na linahusu waimbaji wanapokuwa mbele. Halisemi lolote juu ya kuingia kanisani. Mchungaji aliomba radhi na kusema binti anakaribishwa kukaa na waumini wengine, rasta zake zikiwa hivyohivyo, hadi mwongozo utakapojadiliwa. Binti amesema atafikiria. Rasta alishazifumua wiki iliyopita, kwa sababu zilikuwa zimechakaa.