Banda la Kivuli na Miti ya Mikokoni

Apitaye saa sita mchana mbele ya skuli nyingi za pwani huwaona watoto wakicheza katika uwanja wa mchanga mweupe, usio na mti wala paa, na waliochoka wakijibana katika ukanda mwembamba wa kivuli ulio chini ya ukuta wa darasa. Na jambo hili lanihuzunisha zaidi kwa kuwa pwani hii hii, kabla ya bati na saruji kuenea, ilikuwa na elimu iliyokamilika ya kujenga kivuli kwa miti myembamba na majani ya mnazi.

Elimu hiyo ni kongwe. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba majumba ya Siraf, bandari ya Uajemi, yalijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Na Ibn Battuta, alipofika Mombasa mwaka 1331, aliikuta misikiti yake imejengwa kwa mbao, tena kwa ustadi aliousifu.

Miti yenyewe ilitoka mikokoni, Lamu na katika delta ya Rufiji: mkoko, mkandaa na muia, iotayo katika matope ya maji ya chumvi. Wakataji waliipanga kwa unene, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, wakaiuza kwa korija, yaani miti 20. Na majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirejea Ghuba kwa kusi yakiwa yamesheheni. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers, akisafiri katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali al-Najdi, alishuhudia upakiaji huo Rufiji. Boriti hizo ndizo zilizoziamulia nyumba za mawe za Lamu upana wa vyumba vyake, maana hazikuweza kuibeba dari ya mawe na chokaa kwa zaidi ya kiasi cha mita 3.

Lakini kuti ni jepesi, na kwa hiyo fundi wa banda alikuwa na uhuru ambao mwashi hakuupata. Alisimamisha nguzo, akalaza mwamba juu yake, akainamisha makombamoyo, kisha akayafungia pau kwa kamba ya usumba, iliyosokotwa kwa nyuzi za makumbi yaliyofukiwa miezi kadhaa katika matope ya ufukoni, yakafukuliwa na kupondwa. Misumari hakuihitaji, na yakini fundo lilikuwa bora, kwa sababu upepo ukivuma fundo huupa mti nafasi ya kutikisika, hali msumari huupasua. Makuti ya viungo, majani yaliyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa, aliyapanga kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiifunika kwa sehemu kubwa ile iliyotangulia, na kipaa akakipa mwinamo mkali, maadamu kuti lililolazwa mno hukaa na maji na kuoza. Chini ya paa hilo, lisilo na kuta, joto hupenya juu kati ya makuti na upepo hupita pande zote, raha ambayo bati haijapata kuitoa. Na walimu wa chuo cha Kurani waliosomesha watoto mabandani waliijua vyema.

Mwaka 1932 serikali ya Kenya iliitangaza mikoko kuwa msitu wa serikali, na mwaka 1982 ikapiga marufuku kuipeleka nje miti yake. Nami naona ni haki, kwani mikokoni ndiko walelewako samaki na kamba. Wala banda halikupoteza kitu kwa hayo: wakulima wa Kilifi na Kwale hupanda mivinje mashambani mwao, iliyonyooka na yenye kukua upesi, nayo hufaa kwa nguzo na makombamoyo. Basi wazee wa kamati za skuli, kabla ya kuagiza chuma na bati kwa gharama kubwa, na wamwite kwanza fundi wa makuti wa kijijini, wamwonyeshe uwanja, na wapande safu ya mivinje kando yake mvua za masika zikianza.