Ajali Haina Kinga? Dhima ya Waandaaji wa Shughuli za Kijamii na Historia ya Bima katika Uwanda wa Kati wa Tanzania, 1967–2023

Utangulizi

Msemo "ajali haina kinga" husikika misibani kote Tanzania, na hutumika kumfariji mfiwa. Hata hivyo, katika lugha ya bima neno kinga ndilo jina la kile kinachouzwa: mwenye chombo hulipa ada, naye hupewa kinga. Kati ya faraja hiyo na mkataba huo kuna swali la kihistoria ambalo halijapewa uzito wa kutosha. Watu wakijeruhiwa au kufa katika ngoma, tamasha, mkutano wa dini au mchezo wa mpira, nani anawajibika, na fedha za fidia zinatoka wapi?

Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kuitazama mikoa ya uwanda wa kati, hususan Dodoma na Tabora. Hoja yake kuu ni kwamba tangu miaka ya 1960 dola imeikabili hatari ya mikusanyiko kwa nyenzo tatu: kibali, marufuku na rambirambi. Kila moja ina manufaa yake, lakini hakuna hata moja inayoamua suala la dhima. Kwa sababu hiyo bima ya dhima kwa umma imebaki pembeni, na mzigo wa ajali umeendelea kubebwa na familia za walioumia.

Mkono mmoja: 1967 hadi 1993

Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima ilitaifishwa mwaka 1967 na kukabidhiwa shirika hilo peke yake. Miaka sita baadaye, mwaka 1973, TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Mji uliokuwa kituo cha reli ukawa pia mahali pa mikutano mikuu ya chama na sherehe za kitaifa.

Hali hiyo ilizaa mpangilio wa kipekee. Mwandaaji wa mkusanyiko mkubwa alikuwa chama au serikali, mtoa kibali alikuwa serikali, na kampuni pekee ya bima ilikuwa mali ya serikali. Aidha, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 ilimtaka mwananchi apate ridhaa ya serikali kabla ya kuishitaki. Mtu aliyeangukiwa na jukwaa katika sherehe ya kitaifa angelazimika kumwomba mdaiwa ruhusa ya kumdai. Katika mazingira hayo mwandaaji hakuwa na sababu kubwa ya kununua bima ya dhima, kwa kuwa bima hiyo hununuliwa na anayeogopa kudaiwa.

Sharti hilo la ridhaa lilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993 kwa kuwa lilikiuka Katiba, na marekebisho ya mwaka 1994 yakaweka badala yake notisi ya siku 90. Mwaka 1996 Sheria mpya ya Bima ilifungua soko kwa kampuni binafsi. Kwa maandishi, vizuizi viwili vikubwa vilikuwa vimeondoka ndani ya miaka mitatu.

Barabara imekingwa, uwanja haujakingwa

Soko lilipofunguka, lazima ya kisheria haikuvuka barabara. Bima ya mtu wa tatu kwa vyombo vya moto ilikuwa ya lazima tangu enzi ya ukoloni wa Waingereza, na imeendelea kuwa hivyo. Matokeo yake yanaonekana wazi katika shughuli za kawaida za uwanda wa kati. Basi linalowaleta wacheza ngoma kutoka kijijini haliruhusiwi kutembea bila bima. Abiria hao wakishashuka na kupanda jukwaani, hakuna sheria ya jumla inayomlazimisha mwandaaji awe na kinga kwa ajili yao au kwa ajili ya watazamaji.

Mfano wa aina ya shughuli zinazohusika ni Tamasha la Muziki wa Wagogo linalofanyika Chamwino, au maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni. Shughuli za namna hii hukusanya vikundi kutoka vijiji vingi, wauza vyakula, mafundi wa vipaza sauti, watoto na wazee. Kila kundi huja na vihatarishi vyake: nyaya za umeme, moto wa majiko, majukwaa ya muda, milango michache na giza la jioni.

Swali la nani hasa ndiye mwandaaji nalo lina utata. Shughuli nyingi huendeshwa na kamati, na kamati ya kawaida haina nafsi ya kisheria. Haiwezi kushitakiwa kwa jina lake, wala haina mali yake. Dhima huweza kuwaangukia mwenyekiti na mhazini binafsi, watu ambao pengine walikubali nafasi hizo kwa heshima tu. Kwa hiyo bima ya dhima humlinda mwandaaji asifilisike, na wakati huohuo humhakikishia mdai kwamba kuna fungu la kulipia hukumu. Bila fungu hilo, ushindi mahakamani ni karatasi.

Tabora, 2008

Tarehe 1 Oktoba 2008, katika sikukuu ya Idd el-Fitr, watoto takribani 20 walifariki mjini Tabora katika ukumbi wa disko. Chanzo kilichotajwa kilikuwa msongamano na kukosa hewa. Hapakuwa na tetemeko wala mafuriko. Kulikuwa na ukumbi, viingilio vilivyouzwa, na idadi ya watoto iliyozidi uwezo wa chumba. Haya ni mambo yanayohesabika kabla ya mlango kufunguliwa.

Mwitikio uliodumu zaidi ulikuwa marufuku. Kwa miaka mingi baada ya hapo, taarifa za Jeshi la Polisi kabla ya Idd na Krismasi zimekuwa zikipiga marufuku disko toto katika mikoa mbalimbali. Marufuku hiyo inaeleweka, na huenda imeokoa maisha. Lakini inaondoa aina moja ya shughuli na kuyaacha masharti ya shughuli nyingine kama yalivyokuwa. Chumba kilekile, chenye mlango uleule, kinaweza kukodishwa kwa sherehe ya harusi.

Ajali zilizofuata kwingineko nchini zinathibitisha hili. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walikufa kwa msongamano katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Disko, ibada na msiba wa kitaifa ni shughuli tofauti kabisa. Kilichofanana ni umati uliozidi njia zake.

Kibali na maana mbili za usalama

Inaweza kudaiwa kwamba kibali kinatosha. Sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara kutoa taarifa saa 48 kabla, na shughuli za sanaa zina utaratibu wake kupitia Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Tatizo liko ndani ya neno usalama lenyewe, ambalo katika Kiswahili hubeba maana mbili: amani dhidi ya vurugu, na kuepukana na madhara ya kimwili. Utaratibu wa taarifa kwa polisi, wenye mizizi katika utawala wa kikoloni, ulilenga zaidi maana ya kwanza. Unauliza nani anakusanyika na kwa lengo gani. Upana wa mlango haukuwa kiini cha swali lake.

Mkataba wa bima huanza na maswali ya maana ya pili. Kampuni inayokubali kubeba hasara hutaka kujua idadi ya watu, njia za kutokea, huduma ya kwanza, wasimamizi wa umati na ubora wa jukwaa. Mwombaji akificha jambo la msingi, kinga inaweza kubatilika. Hivyo ada ya bima huwa pia bei ya uzembe. Uingereza ilifika huko kwa njia ya sheria: vifo vya watu 66 katika uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971 vilifuatwa na sheria ya usalama wa viwanja ya mwaka 1975, iliyoleta vyeti vyenye ukomo wa watazamaji.

Rambirambi na fidia

Nyenzo ya tatu, rambirambi, ina mizizi mirefu katika jamii. Vyama vya kufa na kuzikana, michango ya majirani na ubani wa viongozi humsitiri mfiwa siku ile ile. Thamani yake haibishaniwi. Lakini rambirambi haiulizi nani alikosea, na kiasi chake hakilingani na miaka ambayo marehemu angeitunza familia. Fidia huuliza yote mawili. Sheria inawaruhusu wategemezi wa marehemu kudai, na Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971 inatoa miaka 3 kwa madai ya aina hiyo. Muda huo hupita haraka kwa familia iliyokwisha kuambiwa kwamba ajali haina kinga.

Hitimisho

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliongeza bima za lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini na vyombo vya majini. Hatua hiyo inaonyesha kwamba lazima inaweza kuvuka barabara. Mikusanyiko yenyewe bado haimo katika orodha hiyo.

Kulazimisha kila ngoma ya kijiji kununua bima kungeua ngoma kabla ya kuokoa mchezaji. Njia inayoelekea kufaa ni kutofautisha shughuli kwa ukubwa na vihatarishi vyake. Mwandaaji anayetoza kiingilio au kutarajia maelfu ya watu awe na kinga yake, na halmashauri ikate kinga ya pamoja kwa viwanja vyake ili shughuli ndogo zisimame chini ya mwavuli huo. Masharti ya kinga, yaani idadi, milango na wasimamizi, yaandikwe ndani ya kibali chenyewe. Dodoma, ambayo ni makao makuu ya nchi na jiji tangu 2018, ina sababu ya kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa ndiko zinakotungwa sheria na ndiko umati unakozidi kukusanyika.