Mlio, Kimya na Ugonjwa: Historia ya Uchunguzi wa Kugonga kwa Injini za Petroli, 1916–2021

1.0 Utangulizi

Injini ya gari kuukuu huwa na milio mingi. Vyuma vyake vimelika kwa msuguano, nafasi kati ya sehemu moja na nyingine zimepanuka, na kila nafasi hutoa sauti yake. Kwa fundi, sauti hizo ni ushahidi; kwa mwenye gari, mara nyingi ni kero anayotaka iondolewe haraka. Insha hii inachunguza historia ya mlio mmojawapo, yaani kugonga kwa injini ya petroli, tangu utafiti ulioanza Dayton, Ohio, mwaka 1916 hadi petroli yenye risasi ilipokoma kuuzwa kwa magari duniani mwaka 2021. Inahoji kwamba historia hiyo inadhihirisha tofauti kati ya mambo mawili yanayochanganywa kwa urahisi: kuunyamazisha mlio na kuuponya ugonjwa.

2.0 Sikio kama Chombo cha Uchunguzi

Uchunguzi kwa njia ya kusikiliza ulipata hadhi ya kitaalamu katika utabibu kabla ya kuwapo kwa magari. Mwaka 1816, daktari René Laennec wa Paris alibuni stetoskopu ili kusikiliza kifua cha mgonjwa bila kukipasua. Injini ya mipigo minne iliyotengenezwa na Nikolaus Otto mwaka 1876 ilizua tatizo linalofanana na hilo: kasoro zimo ndani ya chuma, na kuifungua injini ni kazi ya gharama. Mafundi walitumia kanuni ileile. Fimbo au bisibisi ndefu ikiegemezwa kwenye injini, na upande wa pili ukawekwa karibu na sikio, husafirisha sauti kutoka mahali mahususi.

Hata hivyo, kusikia peke yake hakutoshi. Fundi hulazimika kuuliza mlio unatokea lini. Mlio mwepesi wa juu unaokwenda kwa nusu ya kasi ya kranki huelekeza kwenye vali na tapeti, kwa kuwa shafti inayofungua vali huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Mlio unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua inapopata moto huashiria pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Mgongo mzito unaopungua pale plagi ya silinda moja inapoondolewa umeme huashiria beringi ya mkono wa pistoni hiyo. Mlio wa nne, mkali kama wa kokoto zilizotikiswa katika kopo, husikika gari linapopanda mlima na mzigo. Huu ndio uliowasumbua wahandisi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu huweza kusikika hata katika injini ambayo hakuna chuma kilicholegea ndani yake.

3.0 Mgogoro kuhusu Chanzo

Mhandisi wa Marekani Charles Kettering alikuwa na sababu ya kulichunguza jambo hilo. Mifumo yake ya umeme ya kuwashia injini ilikuwa imeanza kutumika katika magari, na wakosoaji walidai kwamba mifumo hiyo ndiyo iliyosababisha kugonga. Kazi ya uchunguzi alimkabidhi Thomas Midgley, aliyejiunga na maabara yake mwaka 1916. Kwa kupima shinikizo ndani ya silinda, Midgley alionyesha kwamba shinikizo hupanda ghafla baada ya cheche kuwasha mafuta, si kabla yake. Tuhuma dhidi ya cheche ikapoteza nguvu, na lawama ikahamia kwenye mafuta yenyewe. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba mafuta ambayo mwali haujayafikia hugandamizwa na kupashwa joto hadi yawake yenyewe kwa mkupuo, na mawimbi ya shinikizo yakapiga kuta za silinda. Nchini Uingereza, Harry Ricardo alifikia mwelekeo huohuo kwa kutumia injini iliyoweza kubadilishwa mgandamizo wake: kilichoweka mpaka wa nguvu ya injini ni aina ya petroli.

Hatua iliyofuata iliongozwa na dhana isiyo sahihi. Midgley alifikiri kwamba mafuta yenye rangi nyekundu yangefyonza joto vizuri zaidi. Alipokosa rangi ya kufaa alitumia iodini, na kugonga kukapungua. Rangi nyingine nyekundu zilipojaribiwa hazikufaa kitu. Jaribio hilo lilibomoa dhana iliyolizaa, lakini lilithibitisha kwamba kiasi kidogo cha kemikali kinaweza kuondoa mlio.

4.0 Dawa ya Risasi

Tarehe 9 Desemba 1921, kundi la Midgley lilijaribu tetraethili ya risasi. Kiasi kisichofika sehemu moja kwa elfu ya petroli kilitosha kuondoa kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton mwezi Februari 1923. Haikuwa njia pekee iliyojulikana. Pombe iliyochanganywa na petroli nayo ilifahamika kwamba huzuia kugonga. Lakini pombe ilihitajika kwa kiasi kikubwa na haikuweza kumilikiwa na kampuni moja.

Madhara yalionekana kwanza kwa waliotengeneza dawa yenyewe. Mwezi Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walifariki kwa sumu hiyo. Katika mkutano ulioitishwa na mamlaka ya afya ya Marekani mwezi Mei 1925, daktari Alice Hamilton alipinga matumizi ya risasi. Mwaka 1926 mauzo yaliendelea tena. Mwaka huohuo Graham Edgar alipendekeza kipimo cha okteni, na ubora wa petroli ukaanza kusomwa kwa tarakimu. Swali lililopimwa ni kama injini inagonga. Kile kilichotoka kwenye bomba la moshi hakikuwamo katika kipimo hicho. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

5.0 Kimya cha Vali

Azimio la Dakar la mwezi Juni 2001 liliweka lengo la kuondoa petroli yenye risasi Afrika kusini mwa Sahara, na kufikia Januari 2006 Kenya, Tanzania na nchi nyingine za eneo hilo zilikuwa zimeacha kuiuza. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwezi Julai 2021.

Mabadiliko hayo yaliwapa wasiwasi wenye magari ya zamani. Masalia ya risasi yalikuwa yakikinga viti vya vali katika injini ambazo viti vyake si vya chuma kigumu. Bila kinga hiyo, safari ndefu za kasi au za mzigo mzito huweza kula kiti taratibu. Dalili yake ni kinyume cha matarajio. Vali inapozama kwenye kiti, nafasi ya tapeti hupungua, na mlio wake hufifia hadi kutoweka. Dereva husikia injini imetulia, ilhali vali haifungi tena sawasawa, mgandamizo unapotea na vali inaungua. Katika hali hiyo, kimya ndicho kinachopaswa kumshtua fundi. Kwa injini hizo tiba ni kuweka viti vigumu zaidi na kurekebisha nafasi za tapeti, kazi ambayo haiwadhuru wapita njia.

6.0 Hitimisho

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, vihisio vilianza kusikia kugonga kwa niaba ya dereva na kuchelewesha cheche kabla madhara hayajatokea. Gari kuukuu halina kihisio hicho. Bado hutegemea sikio la fundi na utaratibu wake wa kuuliza mlio unatokea lini, wapi na chini ya mzigo gani. Historia iliyochunguzwa inaonyesha kwamba uchunguzi wa mwaka 1916 ulikuwa makini katika kutafuta chanzo, na kwamba kosa lilizaliwa pale kutoweka kwa mlio kulipochukuliwa kuwa uthibitisho wa kutosha wa kupona. Gharama ya kosa hilo haikubebwa na injini. Ililipwa na wafanyakazi wa Bayway, na kwa takriban karne moja na watoto waliovuta hewa ya barabarani.